Kikombe cha Grisi

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote: huwa naongea na mashine ya kukandia unga. Asubuhi kabla ya shule, Mama akiwa kwenye tanuri la mikate na Mjomba akibeba magunia, nasimama karibu nayo, najifanya nafagia, naieleza mambo ambayo darasani yananikwama kooni. Haijibu. Haisemi "paza sauti, hatukusikii." Inazungusha mkono wake ndani ya sufuria kubwa, kama mtu mzima anayekusikiliza huku akiendelea na kazi yake.

Mvua imeanza leo. Mwalimu wa kemia ametugawia kazi ya muhula. Kila mmoja achague kundi moja la vitu vya nyumbani, achunguze vimetengenezwa kwa nini, na mwisho wa muhula asimame mbele aeleze. Wenzangu wakanyoosha mikono wakapata sabuni, chumvi, rangi, sukari. Mkono wangu ulifika usawa wa sikio ukarudi chini. Nikabakiziwa vilainishi.

"Vilai nini?" mtu akauliza kutoka nyuma, darasa zima likacheka.

"Grisi, mafuta ya cherehani, nta," mwalimu akasema. "Chochote kinachofanya vitu viwili visuguane bila kugombana."

Nilipenda maneno yale.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Unga umeshika unyevu, unaganda kama udongo. Mama alisinzia amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa tanuri. Bibi alimwita mara mbili ndipo akashtuka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeazima kitabu maktaba. Kumbe grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni! Wanachukua mafuta mazito yanayotoka kwenye petroli ghafi, wanayachanganya na sabuni iliyopikwa kwa shahamu na chokaa, au shahamu na madini ya lithiamu, na ile sabuni inayabana mafuta kama sponji inavyobana maji. Mashine ikizunguka, sponji inaachia tone. Ikisimama, inalivuta tena. Nyingine haina sabuni kabisa, mafuta yameshikwa na udongo laini sana.

Nilimsomea Mjomba wakati anasafisha mashine. Mjomba ni mdogo wake Mama. Alihamia kwetu Baba alipofariki, akachukua kazi ya mashine na mizigo. Ana mikono mikubwa na anapenda utani.

"Kwa hiyo Profesa, mashine yetu inaogeshwa sabuni?"

"Ndiyo, Mjomba. Sabuni na mafuta."

"Basi ni safi kuliko mimi."

Juu ya shingo ya mashine, pale shafti inapoingia kwenye beringi, ile pete yenye gololi inayoishika izunguke, kuna kikombe kidogo cha shaba chenye kifuniko cha kuzungusha. Unafungua kifuniko, unakijaza grisi, unakizungusha mpaka mwisho, na grisi inasukumwa kupitia bomba fupi hadi ndani. Ukikifungua tena unakikuta kitupu. Baba alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi, na alikuwa akinibeba nione. Sasa ni kazi ya Mjomba. Grisi yake ni ya buluu, anapewa na rafiki yake wa gereji.

Jumanne, 11 Machi

Mashine imeanza kulia. Si sana, ni kama mlango wa kabati. Mama aliinua kichwa, akamtazama Mjomba. Mjomba naye alikuwa anatazama mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaribu vilainishi vikavu. Risasi ya penseli si risasi hata kidogo, ni grafiti, na grafiti ni tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, yanateleza kama karata. Nilisaga ncha za penseli, nikatia unga wake kwenye kufuli la stoo lililokuwa linang'ang'ania. Lilifunguka kwa kidole kimoja. Nikapaka mshumaa kwenye droo ya pesa ya Bibi, droo ikaruka nje ikamwangukia mapajani.

"Nani ameiroga droo yangu?" Bibi akauliza.

Halafu nikamwona Mama akinyunyiza unga mezani ili donge lisinate, na nikaona kwamba huo nao ni kilainishi. Nyumba hii imejaa vilainishi na bado kila kitu kinagoma.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimefanya jambo. Nilirudi shule nikiwa nimelowa, nikamkuta Mama amekaa kwenye gunia, viganja vimefunguka mapajani kama vya mtu anayengoja kupewa kitu. Mashine ilikuwa imezimwa lakini nilijua ililia mchana, kwa sababu alisema, "Ile kelele inanitoboa kichwa." Mjomba alikuwa amelala.

Nilipofagia nikafungua kikombe. Kilikuwa kitupu! Ukingoni kulibaki alama ya njano, nadhani ya zamani. Nikawaza: hakuna anayejali. Nikayeyusha kipande cha mshumaa, nikachanganya na mafuta kidogo ya cherehani na unga wa penseli, ikapatikana grisi nyeusi nzuri inayong'aa. Nikajaza kikombe, nikazungusha mpaka mwisho. Sikumwambia mtu. Nilitaka tu Mama asisikie kelele kesho.

Jumatano, 19 Machi

Haikulia! Mama alisema, "Afadhali leo." Niliiambia mashine asante.

Jumamosi, 22 Machi

Nakifungua kikombe kila nikifagia, na kila mara nakikuta kitupu, nami nakijaza. Naona Mjomba amezembea. Zamani nilimwona hodari. Leo alipopita na magunia akipiga mluzi nilikasirika kimoyomoyo, nikafanya kana kwamba sikusikia utani wake.

Jumatatu, 24 Machi

Mashine hailii tena lakini inanguruma nzito, kama mtu anayetembea kwenye matope. Niligusa shingo yake. Ya moto.

Alhamisi, 27 Machi

Mambo yameharibika.

Nesi wa kituo cha afya anachukua mikate yetu kwa ajili ya wagonjwa wa wodini, kila siku, mvua au jua. Ndiye anayetuweka mjini. Leo alikuja mchana, nami nilikuwa nimerudi kwa sababu darasa letu linavuja. Alifungua gazeti juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na mkate uliokatwa, na katikati ya ule weupe kulikuwa na mchirizi wa kahawia, unene wa kamba ya kiatu.

"Mama mwenye mikate," alisema, "hii ni nini?"

Mama alinusa. Uso wake ulibadilika. "Ni grisi."

"Nina mzee wodini hana meno, mkate huu ndio chakula chake. Aliniuliza kama ni dawa." Hakupaza sauti, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nakupenda, mikate yako ni mizuri. Lakini nikiona tena, nitachukua kwingine. Siwezi kubeba lawama ya hilo."

Alipoondoka, Mama alienda nyuma, na sisi wote tukamfuata. Chini ya shingo ya mashine, ule mpira wa kuzuia grisi isivuje ulikuwa umesukumwa nje kama ulimi. Uji wa kahawia ulikuwa unadondoka taratibu, tone baada ya tone, ndani ya sufuria.

"Umetia grisi kiasi gani humu?" Mama akamuuliza Mjomba.

"Kama kawaida. Jumamosi."

"Kawaida gani? Inamwagika!"

"Dada, wiki iliyopita uliniambia mashine inalia kwa sababu siitii grisi. Leo unasema nimezidisha. Chagua kosa moja basi, nilibebe hilo hilo."

"Mimi nachojua ni kwamba alipokuwa anaishughulikia mwenyewe haikuwahi kufanya hivi."

Kila mtu alijua mwenyewe ni nani. Mjomba alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Bibi alisema, "Jamani."

Mimi nilisimama karibu na ufagio. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa.

Jumatatu, 31 Machi

Mjomba amechomoa waya wa mashine. Tunakanda kwa mikono. Mama na Mjomba wanakanda meza moja, huyu upande huu na yule upande ule, na wakitaka kuambiana kitu wanamwambia Bibi.

"Mama, mwambie anisogezee maji," Mjomba anamwambia Bibi, mama yao.

"Una mdomo, mwambie."

"Nimeshakuambia wewe."

Donge la mkate ni zito, sikujua. Mashine ilikuwa inatubebea mzigo huu kimya kimya. Vifundo vya mikono ya Mama vimevimba. Bibi alimpaka mafuta yake ya mgando, yale meupe ya kwenye kopo, anayojipaka magotini. Nimesoma kwamba hayo nayo yanatoka kwenye petroli ghafi, ni ndugu wa mafuta ya injini. Na kwamba ndani ya goti kuna ute unaolainisha mifupa, mwili wenyewe unautengeneza, na mtu akizeeka unapungua. Bibi aliposikia alisema, "Ndiyo maana nalia nikiinuka. Niombee hicho kikombe na mimi."

Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimechoka. Nimeandika neno "grafiti" badala ya "jiografia" kwenye daftari.

Ijumaa, 4 Aprili

Mjomba anaondoka. Amepata kazi kwenye ghala la saruji, wanatoa na chumba. Ataondoka Jumapili jioni. Alinieleza tukiwa tunabeba kuni, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu.

"Mjomba, si kosa lako."

"Unajuaje?"

Hapo ndipo ningesema. Nilisema, "Najua tu."

"Profesa wangu," alisema, akanipiga kofi la begani. "Ukisomea sheria utanitetea. Kwa sasa beba kuni."

Nimerudia kitabu sura ile ya mwisho ambayo niliiruka kwa sababu haina picha. Inasema mambo mawili. La kwanza, beringi haitaki kujazwa. Inataka grisi theluthi tu ya nafasi yake. Ukiijaza, inahangaika kuisukuma ile grisi yenyewe, inapata moto, mafuta yanaachana na sabuni yake na kumwagika. La pili, grisi za sabuni tofauti hazipatani. Ukizichanganya, sponji zinavunjana, na grisi mbili nzito zinakuwa uji mmoja.

Kwa hiyo ni mimi. Mshumaa wangu na grisi ya buluu ya Mjomba. Nilifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani mpaka Bibi akaniita nikaoshe sufuria.

Jumapili, 6 Aprili

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya gunia, mikono inanuka mafuta ya taa.

Mchana, tanuri lilipopoa, Mama alijilaza. Mjomba alikuwa anafunga begi. Bibi alikuwa dukani. Nikachukua spana ya Baba nikafungua bolti nne za kifuniko cha shingo. Nilitaka niuone ushahidi wangu mwenyewe kabla sijausema, ili nisiweze kuukana.

Ndani ya beringi kulikuwa na uji wa kahawia, mwingi mno, haukufanana na kitu chochote nilichotia. Nikafungua na lile bomba fupi linalotoka kwenye kikombe. Grisi ya humo ilikuwa bado haijafika kwenye beringi, haijachanganyika. Nikaisukuma kwa kijiti juu ya trei ya mikate, ikatoka kama dawa ya meno.

Ilikuwa na mistari.

Nyeusi, hiyo ni yangu. Halafu njano. Halafu buluu, ya Mjomba. Halafu nyeusi tena, njano tena. Halafu kipande cheupe, laini, chenye harufu ya manukato. Halafu njano. Halafu nyeupe.

Niliinamia ile trei mpaka pua yangu ikakaribia kugusa. Njano niliijua, ni ya kopo la dukani lililoko nyuma ya magunia ya Mama, grisi ya chokaa, ya bei rahisi. Nyeupe niliijua kwa pua, nimelala karibu na magoti yale tangu utotoni.

Nilibeba trei kwa mikono miwili mpaka sebuleni. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, begi miguuni, anangoja mvua ipungue. Bibi aliingia kutoka dukani kuja kuagana. Mama alitoka chumbani, alama ya mto shavuni, akasimama mbali kidogo na Mjomba.

Niliweka trei mezani, mahali pa chai.

"Hii," nikasema. Sauti ikakatika. Nikakohoa. "Hii imetoka kwenye bomba la mashine."

"Ni nini, minyoo?" Bibi akauliza.

"Ni grisi. Hii nyeusi ni yangu. Nilitengeneza kwa mshumaa na penseli. Nilikuwa naitia nikirudi shule, kwa sababu nilikuta kikombe kitupu, na Mama alikuwa amechoka. Nilidhani hakuna anayetia." Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. "Nilitia kidogo tu. Ila kila nikifagia."

Mjomba aliinama. Aliiangalia buluu. "Hii yangu," alisema polepole. "Lakini mbona ni nyingi hivi..." Akajikuna shingo. "Sawa. Nilikuwa naitia na katikati ya wiki. Nilikuta kikombe kikavu, nikasema anakunywa huyu. Kidogo tu, lakini. Sikutaka dada asikie ikilia, akaanza."

"Nikaanza nini?" Mama akasema.

"Ukaanza."

Mama alikuwa anatazama ile njano. Alivuta kiti akakaa, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kukaa meza moja na Mjomba bila unga katikati yao.

"Mkilala mchana," alisema. "Nilikuwa naenda nakifungua, nakikuta kitupu, naona mmeisahau. Yeye hakuisahau hata akiwa mgonjwa. Nikasema basi, nitaitia mwenyewe." Alifumba macho kidogo. "Kidogo tu. Kijiko."

Tukabaki na nyeupe. Bibi alikuwa anatazama dari kama anayetafuta mahali panapovuja.

"Bibi," Mjomba akasema.

"Nini?"

"Bibi."

"Ilikuwa inalia kama magoti yangu!" Bibi akasema. "Mnataka niisikie tu? Nikakuta kikombe hakina kitu, mnaitesa mashine ya marehemu. Nikaipaka. Kidogo tu."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, cheko la kuchoka, lisilo na sauti, mabega tu. Kisha Mama, uso kwenye viganja, na sikujua kama bado ni kicheko mpaka alipoinua kichwa. Alinyoosha mkono akaugusa mkono wa Mjomba ulioko mezani. Hakusema samahani. Alisema, "Wale wa saruji wanakungoja leo?"

"Walisema jioni."

"Mvua yote hii?"

"Mvua yote hii."

Nilidhani yameishia hapo. Kisha Mjomba akanigeukia. "Profesa, beringi yenyewe umeiona? Imekufa?"

"Sijui, Mjomba. Imezama."

Aliinuka, akavua koti, akalitundika juu ya kiti. Tukaenda sote. Tuliitoa beringi tukaiosha kwa mafuta ya taa kwenye bakuli la zamani, mara ya kwanza yakatoka ya kahawia, mara ya pili ya kijivu, mara ya tatu zile gololi zikaonekana, ziking'aa. Mjomba aliiweka kwenye kidole akaizungusha karibu na sikio. Akampa Mama naye asikilize. Mama akampa Bibi, ingawa Bibi hajui mambo ya beringi, naye akaitikia kwa kichwa kama daktari.

"Nzima," Mjomba akasema.

Niliwaeleza habari ya theluthi, na kwamba kikombe kikishazungushwa lazima kikutwe kitupu hata kama beringi imeshiba. Niliwaambia kuna grisi nyeupe ya mashine za chakula, mafuta yake yamesafishwa mpaka hayana rangi wala harufu, tutafute hiyo, iwe moja, na atie mtu mmoja. Nilisema sentensi zote hizo mfululizo na hakuna aliyeniambia nipaze sauti.

"Atie nani?" Mama akauliza.

Walinitazama mimi. Nami nikamtazama Mjomba. "Anayejua kuifungua," nikasema. "Jumamosi, kama zamani."

Mjomba hakusema ndiyo. Alisema, "Ule mpira wa kuzuia kuvuja utapatikana gerejini, kesho asubuhi niende kabla ya watu," akainama kukusanya bolti.

Kesho asubuhi, alisema.

Nilinawa mikono. Nikaenda sebuleni, nikalichukua begi lake pale mlangoni, nikalirudisha chumbani kwake. Zipu ilikuwa inakwama. Nikaipaka mshumaa, kidogo tu, ikafunguka, nikatoa mashati yake mawili nikayatundika kwenye msumari. Kisha nikarudi jikoni, nikanyunyiza unga mezani, nikaanza kukanda donge la kesho.